Ulilipia mchezo, lakini ni wa nani? Maoni ya shabiki mmoja juu ya biashara ya michezo ya video na filamu

Tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 2024, kampuni ya Ufaransa Ubisoft ilizima mashine zilizokuwa zinaendesha The Crew, mchezo wa mbio za magari. Kuanzia siku hiyo, mtu aliyekuwa na diski yake mkononi, aliyoilipa kwa franga zake, aliiingiza ndani ya PlayStation na mchezo ukakataa kufunguka. Diski haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mchezo ulifungwa na yule yule aliyeuuzisha.

Jambo hilo lilimkasirisha shabiki mmoja, na hasira yake ikafika mpaka kwenye meza ya viongozi wa Ulaya. Ukurasa huu unaeleza shabiki huyo ni nani, anasema nini juu ya biashara ya michezo, kampuni zinamujibu nini, na juu ya nini maneno hayo yanamuhusu pia kijana wa Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia anayechezea play ya kukodi kwa dakika.

Shabiki mwenyewe

Anaitwa Ross Scott. Ni Mmarekani anayeishi Poland. Hana kampuni ya michezo. Kazi yake ni kutengeneza video za kuchekesha na za kuchambua michezo, na anaziweka kwenye YouTube kwa jina la Accursed Farms. Alianza kujulikana tangu mwaka 2007 kwa mfululizo wake Freeman's Mind, ambamo anatoa sauti ya mawazo ya mtu mkuu wa mchezo Half-Life.

Mwezi wa 4 mwaka 2019 alitoa video ndefu. Ndani yake alisema kwamba kuuzisha mchezo kama kitu, kisha kuutendea kama huduma inayoweza kukatwa wakati wowote, ni udanganyifu. Watu wengi waliitazama, wakakubali, mambo yakaishia pale. Miaka mitano baadaye, The Crew ilipozimwa, akaona amepata mfano unaoeleweka na kila mtu. Mwezi wa 4 mwaka 2024 akaanzisha kampeni Stop Killing Games, maana yake: muache kuua michezo.

The Crew ilikufa namna gani

The Crew ilitoka mwezi wa 12 mwaka 2014. Mchezaji alikuwa anaendesha gari ndani ya Marekani iliyopunguzwa, kutoka pwani moja mpaka pwani ingine. Mtu aliweza kuendesha peke yake saa nzima bila kukutana na mchezaji mwingine. Lakini hata akiwa peke yake, mchezo ulitaka intaneti kila dakika, juu sehemu fulani ya kazi ilikuwa inafanywa na seva, ni kusema mashine kubwa za kampuni, hapana na mashine ya mchezaji.

Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2023, Ubisoft iliondoa mchezo sokoni na kutangaza kwamba seva zitazimwa. Sababu zilizotolewa ni mbili: hali ya mashine hizo, na ruhusa zilizokuwa zinakaribia kuisha. Mchezo wa magari unatumia majina ya magari ya kweli na nyimbo za wasanii, na ruhusa hizo zina muda wake. Walioununua karibuni waliweza kuomba kurudishiwa makuta. Waliounua zamani hawakupata kitu. Mwezi wa 4 mwaka 2024, wachezaji wengine wakaona hata ruhusa yao ya kuucheza imeondolewa ndani ya akaunti zao.

Kampeni ya Scott inahesabu kwamba mchezo huo ulikuwa na wachezaji milioni 12 hivi. Si kusema wote walikuwa bado wanaucheza. Lakini alichagua mfano huo kwa akili: mchezo ulijulikana, na kampuni ni ya Ufaransa, inchi yenye sheria kali za kulinda wanunuzi. Akawaomba walioununua wapeleke malalamiko yao kwa ofisi ya serikali ya Ufaransa inayoangalia biashara na udanganyifu.

Kununua kuligeuka kukodi

Ili kuelewa hasira hiyo, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Zamani biashara ilikuwa rahisi. Mtu ananunua diski ao kaseti, anaenda nayo nyumbani. Akichoka anaiuzisha, anaiazima rafiki, ao anaibadilisha na ingine. Kampuni haikuwa na neno tena baada ya siku ya kuuzisha. Kwa mchezaji ilikuwa uhuru, lakini kwa kampuni ilikuwa hasara: diski moja inaweza kupita mikono kumi, na kampuni inalipwa mara moja tu.

Mwaka 2003 kampuni ya Marekani Valve ikafungua Steam, duka la michezo linalopitia intaneti. Mwaka 2004, Half-Life 2 ilipotoka, hata aliyenunua diski kwenye duka alilazimika kufungua akaunti ya Steam ili acheze. Wakati ule wengi walinung'unika. Leo Steam njo duka kubwa kuliko yote la michezo ya kompyuta duniani.

Mwaka 2013 Microsoft ikajaribu kwenda mbali zaidi. Ilipoonyesha Xbox One, ilieleza kwamba mashine itahitaji kuuliza intaneti mara moja kila saa 24, na kwamba kuuzisha diski iliyokwisha kutumiwa kutakuwa na masharti. Mashabiki walipiga makelele. Sony, mshindani wake, ikatoa video fupi ya kuonyesha namna ya kumuazima rafiki mchezo wa PlayStation 4: mtu mmoja anamupa mwingine diski mkononi, basi. Kabla mwezi wa 6 haujaisha, Microsoft ikarudi nyuma. Mashabiki bado wanaikumbuka siku hiyo kama ushindi wao.

Lakini ushindi huo haukudumu. Kampuni ziliacha kusukuma kwa nguvu, zikasukuma polepole. Mwaka 2017 Microsoft ilianzisha Game Pass: unalipa kila mwezi, unacheza michezo mingi, ukiacha kulipa yote inafungwa. Ilianza kwa dola 9.99 kwa mwezi. Kufika mwezi wa 10 mwaka 2025, daraja lake la juu lilikuwa dola 29.99 kwa mwezi. Mwaka 2020 zikatoka mashine za PlayStation 5 na Xbox zisizo na mahali pa kuingiza diski, na PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila hiyo sehemu. Mwezi wa 1 mwaka 2024, kiongozi mmoja wa Ubisoft anayesimamia malipo ya kila mwezi alieleza kwa waandishi kwamba wachezaji wanapaswa kuzoea kutomiliki michezo yao, sawa vile walivyozoea kutomiliki diski za muziki na filamu. Miezi miwili na nusu baadaye, The Crew ikazimwa.

Scott anasema nini hasa

Watu wengi wanafikiri anataka kampuni ziendeshe seva milele. Hapana. Maoni yake yanaweza kupangwa katika mambo manne.

La kwanza ni juu ya neno lenyewe kununua. Mtu akikodi nyumba anajua mwezi unaisha siku gani. Akikata tiketi ya boti ya kuvuka Ziwa Kivu anajua safari inaishia wapi. Lakini aliyenunua The Crew hakuambiwa siku ya mwisho. Alilipa bei ya kitu, akapewa huduma isiyo na tarehe. Kwa Scott, uovu uko pale: kama ni huduma, semeni inaisha lini, kama ni kitu, muache mwenye kununua abaki nacho.

Njo maana hapigani na michezo yote ya kulipia kila mwezi. Mtu anayelipa World of Warcraft kwa mwezi mmoja anajua amenunua mwezi mmoja. Hakuna aliyedanganywa.

La pili ni juu ya mwisho. Anaomba kampuni, wakati inapoamua kuacha, iache mchezo katika hali ya kuchezeka. Inaweza kuondoa lazima ya intaneti kwa wale wanaocheza peke yao, ao kuwaachia wachezaji njia ya kuendesha seva yao wenyewe. Baada ya hapo kampuni iende zake, haina deni tena. Na anaomba hiyo kwa michezo itakayokuja, juu mtengenezaji akijua tangu mwanzo kwamba siku moja atafunga, anaweza kujenga mlango wa kutokea.

La tatu ni juu ya vitu vidogo vinavyouzwa ndani ya mchezo: nguo za mchezaji, silaha, magari. Mchezo unaweza kuwa wa bure, lakini mtu akatoa dola kumi leo, kumi kesho. Mchezo ukifungwa, na vile vitu vinaondoka. Kampeni inataka navyo vihesabiwe kama mali iliyonunuliwa.

La ine ni juu ya kumbukumbu. Scott analinganisha michezo na filamu za zamani zisizo na sauti, ambazo kampuni zilikuwa zinaharibu ili kutoa madini ya fedha yaliyokuwa ndani ya mikanda. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti: katika filamu ndefu karibu 11,000 zisizo na sauti zilizotengenezwa Marekani, ni 14 tu kwa mia zilizobaki katika hali yake ya kwanza. Michezo iko katika njia hiyo hiyo. Mwaka 2023, shirika la Marekani linalohifadhi historia ya michezo ya video lilipima michezo iliyotoka inchini humo kabla ya mwaka 2010, likakuta 87 kwa mia haipatikani tena sokoni kwa njia ya halali.

Kampuni zinajibu nini

Kampuni nazo ziko na sababu, na si zote ni za uongo.

Sababu ya kwanza ni bei. Mwaka 2023, karatasi za tribinali huko Marekani zilifichwa vibaya, watu wakasoma kwamba The Last of Us Part II ya Sony iligharimu dola milioni 220 hivi. Kampuni inayoweka makuta ya namna hiyo inatafuta mapato yanayoingia kila mwezi, hapana mara moja tu. Na ikikosea inaanguka vibaya. Mwezi wa 8 mwaka 2024 Sony ilitoa Concord, mchezo wa kupigana kwa intaneti. Wachezaji hawakuja, na baada ya wiki mbili hivi ukaondolewa. Lakini pale Sony ilirudishia wanunuzi makuta yao. Google nayo, ilipofunga huduma yake Stadia mwezi wa 1 mwaka 2023, ilirudisha bei za michezo na za vifaa. Mashabiki wanaonyesha mifano hiyo miwili kusema kwamba kufunga kwa heshima kunawezekana.

Sababu ya pili ilitolewa mwezi wa 7 mwaka 2025 na Video Games Europe, muungano wa kampuni za michezo za Ulaya. Ulisema kwamba uamuzi wa kufunga hauchukuliwi kwa mzaha. Kwamba wachezaji wanapewa habari mbele. Na kwamba seva ikiachwa mikononi mwa watu binafsi, hakuna atakayelinda siri za wachezaji ao kuondoa mambo machafu, na bado lawama itamurudilia mwenye mchezo. Ukaongeza kwamba michezo mingine ilijengwa kwa ajili ya intaneti tu, na kulazimisha njia ingine kutaongeza bei ya kuitengeneza. Mwezi huo huo, mkubwa wa Ubisoft Yves Guillemot aliwaambia wenye hisa kwamba hakuna programu inayotunzwa milele.

Scott na wenzake wanajibu kwamba hakuna aliyeomba umilele. Na matendo ya Ubisoft yenyewe yamewasaidia kusema hivyo. Mwezi wa 9 mwaka 2024, baada ya makelele, kampuni iliahidi njia ya kucheza bila intaneti kwa The Crew 2 na The Crew Motorfest, michezo iliyofuata. The Crew 2 iliipata mwaka 2025. Na ule wa kwanza, uliozimwa? Mashabiki wenye ujuzi walitengeneza wenyewe seva ya badala, na mwezi wa 9 mwaka 2025 wakaufungua tena. Jambo lililosemwa kuwa gumu lilifanywa na watu wasiolipwa.

Sahihi zaidi ya milioni

Umoja wa Ulaya uko na njia ya raia kuomba sheria. Wakikusanya sahihi milioni moja katika mwaka mmoja, na hesabu fulani ikifikiwa katika inchi saba ao zaidi, Tume ya Ulaya inalazimika kuwapokea na kuwajibu, na Bunge la Ulaya linawasikiliza. Haina lazima ya kutunga sheria, lakini haiwezi kunyamaza.

Kazi ya kukusanya ilianza tarehe 31 mwezi wa 7 mwaka 2024. Scott mwenyewe hakuweza kuweka sahihi, juu si raia wa Ulaya. Miezi ikapita, hesabu ikasimama mbali na milioni. Mtengenezaji mmoja wa michezo wa Marekani mwenye wafuatiliaji wengi alisema wazi kwamba kampeni haieleweki na itaharibu kazi ya watengenezaji. Mwezi wa 6 mwaka 2025, Scott alitoa video ya kusema kwamba kampeni inaelekea kufa, na ndani yake akajibu lawama hizo moja moja. Kumbe video hiyo njo iliamusha watu. Tarehe 3 mwezi wa 7 sahihi zikapita milioni, na siku ya kufunga, mwisho wa mwezi huo, zilikuwa zaidi ya milioni 1.4. Uingereza, ambayo imetoka katika Umoja huo, raia wake nao walipitisha sahihi 100,000, na bunge lao likajadili jambo hilo mwezi wa 11 mwaka 2025, ingawa serikali ilisema haina mpango wa kubadilisha sheria.

Katika Marekani, jimbo la California lilichukua njia nyepesi zaidi. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa 9 mwaka 2024 na kuanza tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2025 inakataza duka la intaneti kutumia neno nunua kwa kitu kinachoweza kuondolewa baadaye, isipokuwa likimwambia mteja wazi kwamba anapewa ruhusa tu. Steam haikungoja: mwezi wa 10 mwaka 2024 ilianza kuandika onyo hilo mahali pa kulipia. Sheria hiyo hairudishi mchezo. Inamfanya muuzaji aseme ukweli.

Kuna pia kushindwa. Katika Ufaransa, shirika la wanunuzi UFC-Que Choisir liliishitaki Valve ili watu waruhusiwe kuuzisha tena michezo yao ya Steam. Mwaka 2019 tribinali ya Paris ilikubali. Mwaka 2022 tribinali ya rufaa ikakataa. Diski unaweza kuiuzisha. Mchezo wa kupakua, hapana.

Filamu zilipita njia hiyo mbele

Yanayotokea kwa michezo yalianza kuonekana kwa vitabu na filamu. Mwaka 2009 Amazon iligundua kwamba vitabu fulani vya George Orwell viliuzwa na mtu asiye na haki, ikavifuta kutoka mbali ndani ya vifaa vya wasomaji waliokwisha kulipa. Ilirudisha makuta na mkubwa wake akaomba radhi, lakini watu walielewa: aliyeuuzisha bado anashika ufunguo wa nyumba yako.

Netflix ilianza kutuma DVD kwa posta mwaka 1998, ikaingia katika kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007, na mwezi wa 9 mwaka 2023 ikatuma diski ya mwisho. Mwezi wa 5 mwaka huo huo, Disney iliondoa kwenye huduma yake Disney+ vipindi vingi vilivyokuwa vyake yenyewe, kati yao Willow, kilichokuwa kimetoka nusu mwaka tu mbele. Nayo Sony, mwishoni mwa 2023, iliwaandikia watu kwamba vipindi vya Discovery walivyokuwa wamenunua vitaondolewa kwenye akaunti zao. Makelele yakapigwa, mapatano mapya yakafanywa, vikabaki. Waliolipa walielewa siku hiyo kwamba mali yao ilitegemea karatasi kati ya kampuni mbili.

Na hapa mashariki mwa Kongo?

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya wazungu. Huku watu wanatafuta kwanza maji, umeme na usalama. Ni kweli. Lakini mabadiliko haya yanawapiga zaidi watu wa inchi kama RDC, hata kama hakuna aliyewauliza mawazo.

Katika miji ya Kivu na Ituri, wengi hawana mashine nyumbani. Wanaenda kwenye vyumba vya play, wanalipa kwa dakika ao kwa mechi, wawili wanashika maneti, wengine wanasimama nyuma wakingoja zamu na kutoa mashauri ambayo hakuna aliyeomba. Biashara hiyo ndogo imesimama juu ya kitu kimoja: diski, ao mchezo uliowekwa ndani ya mashine, unaofunguka bila intaneti. Mwenye chumba anatafuta umeme na mafuta ya jenereta. Akianza kutafuta na mega kila siku, faida inakwisha.

Mfano wa mpira wa miguu unaonyesha vizuri. Mwaka 2021 kampuni ya Japani Konami iliacha PES na kutoa eFootball, wa bure lakini wa intaneti. Mwaka 2023 Electronic Arts, baada ya miaka karibu 30 ya kutumia jina la FIFA, ilianza EA Sports FC, na michezo yake ya zamani ya FIFA ikaondolewa katika maduka ya intaneti. Lakini diski ya PES ao FIFA ya zamani bado inacheza mechi ya watu wawili chumbani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Si ushamba kuitunza. Kwa maoni ya Scott, hiyo njo mali ya kweli.

Kisha kuna neno la akaunti. RDC haimo katika orodha ya inchi ambazo PlayStation Network inakubali. Njo maana wengi wanafungua akaunti wakijisema wako Ufaransa ao Ubelgiji. Mwezi wa 5 mwaka 2024, Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuwa na akaunti hiyo, na mchezo ukaondolewa kuuzwa katika inchi na maeneo zaidi ya 170, wakati watu wa kule walikuwa wamekwisha kuununua. Wachezaji wa dunia nzima waliandika maneno makali kwenye Steam kwa mamia ya elfu. Siku tatu hivi baadaye Sony ikaacha lazima hiyo. Watu wa Amerika na Ulaya waliwasemea wale wa inchi zisizohesabiwa, lakini mchezo wenyewe ulibaki umefungwa katika nyingi ya inchi hizo kwa miezi mingi.

Uhusiano mwingine uko chini ya ardhi. Tantalum, inayotoka katika koltani, inatumiwa ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000, wakati simu zilikuwa zinaenea na PlayStation 2 inatoka, bei yake ilipanda mara kadhaa, na watu wengi wa Kivu wakaacha mashamba na ng'ombe kwenda kuchimba. Si PlayStation iliyoleta vita, kama wengine walivyosema. Vita ilikuwa na mizizi yake. Lakini mashine inayotupwa juu kampuni imezima michezo yake ni madini ya mahali fulani, na jasho la mtu fulani, yaliyopotea bure.

Kuna upande mwingine ambao ni vizuri kuusema pia. Filamu na michezo mingi inayozunguka sokoni kwa flashi ni nakala zisizolipiwa, na wasanii wa Kongo wanaumia na desturi hiyo kama wengine. Anayedai haki ya mnunuzi ni vizuri awe amenunua. Lakini pale duka halipokei inchi yako wala malipo ya simu yako, njia ya halali inakuwa nyembamba sana. RDC ilipata sheria yake ya mambo ya dijitali, Code du numérique, mwezi wa 3 mwaka 2023, na ndani yake mna biashara ya intaneti. Mashirika yanayotetea wanunuzi yanaweza kuanzia pale.

Kabla ya kutoa franga

Kutokana na mafundisho ya The Crew, mtu anayetaka kununua mchezo, awe mwenye chumba cha play ao kijana mwenye simu, anaweza kujiuliza maneno haya:

Mchezo unafunguka bila intaneti? Ukate mega kwanza, ujaribu. Kama haufunguki hata ukicheza peke yako, unakodi, hununui.

Diski iko na mchezo mzima ndani? Diski nyingine siku hizi ni ufunguo tu. Sehemu kubwa inapakuliwa kwa intaneti, na kwa bei ya mega inaweza kushinda bei ya diski yenyewe.

Duka linakupa faili lisilofungwa? Yapo, kama GOG la Poland, lililoanza mwaka 2008: mchezo wa kompyuta ukishapakuliwa unaweza kuuweka kwenye flashi yako na kuufungua bila kuuliza mtu.

Akaunti iko kwa jina na inchi gani? Iliyofunguliwa kwa inchi ya uongo inaweza kufungwa, na yote uliyolipia ndani yake yanakwenda nayo.

Na vile vitu vidogo ndani ya mchezo wa simu: dola moja hapa, mbili pale. Uandike kwenye karatasi kwa mwezi mmoja. Kiisha ujiulize, mchezo huo ukizimwa kesho asubuhi, utabaki na nini mkononi.